Nani Aliyemwacha Mama

Riwaya ya mdogo wake, Vibeke, ilikuwa imebaki ukurasa mmoja tu tafsiri yake ikamilike, na ukurasa huo ulimshinda Bodil kwa wiki tatu. Miaka thelathini alikuwa akitafsiri vitabu vya Kidenmaki kwa Kiingereza, na wachapishaji wa London walimwamini kwa jambo moja: sentensi ya Bodil haisomwi mara mbili ndipo ieleweke. Mkataba wa vitabu vitatu vya Vibeke aliutia saini kabla hiki cha tatu hakijaandikwa. Alijifunga kamba mwenyewe.

Kitabu kilihusu dada wawili na mama yao mgonjwa katika nyumba ya matofali mekundu pale Lemvig, mji mdogo wa Denmaki. Ni nyumba hiyohiyo ambamo Bodil alimlisha mama yao kwa kijiko miaka mitatu, akimgeuza kitandani usiku na mchana, ilhali binti yake Signe, msichana wa miaka kumi na mitano, amebaki Leeds, Uingereza, na baba yake. Signe alikuja kumsamehe, tena kwa shingo upande, kwa sababu moja tu: mama yake alikwenda kumuuguza bibi.

Sasa humo kitabuni, ukisoma kwa makini, aliyeuguza ni mdogo. Dada mkubwa yuko ughaibuni, wala hakanyagi.

Kwa Kidenmaki Vibeke alikuwa amelifumba jambo hilo kwa sentensi isiyotaja ni dada yupi, maana aliwaogopa majirani waliojua ukweli. Watu wa Lemvig walisoma, wakanyamaza, wakaendelea kununua samaki wao. Lakini mhariri wa London aliandika pembeni mwa rasimu ya tafsiri: "Hapa sielewi. Nani aliyemwacha mama? Fafanua."

Jumamosi Vibeke alikuja Lemvig, ambako Bodil alibaki kuishi baada ya mama yao kufa, na keki za mdalasini na kalamu nyekundu. Waandishi wa Denmaki wote wanasoma Kiingereza, na kila mmoja anaamini anakijua kuliko mfasiri wake. Alimimina kahawa kana kwamba yuko kwake.

"Andika ni dada mkubwa," alisema. "Na usinikodolee macho hivyo, dada. Ni hadithi tu."

"Hadithi! Ulikuja mara ngapi kumwona mama, Vibeke? Ulileta maua, ukakaa nusu saa, ukalalamikia harufu."

"Najua! Unadhani sijui?" Vibeke aliweka kikombe chini. "Wewe ulikuwa naye mpaka mwisho. Mimi sina kitu. Niachie basi hata hicho cha kwenye karatasi."

"Na Signe je? Hiki atakisoma."

"Signe mtu mzima bwana. Ataelewa."

Alipoondoka, Bodil alijaribu kuifumba sentensi kwa Kiingereza pia. Ilisomeka kama kazi ya mfasiri aliyeshindwa, na chini yake lingekaa jina lake. Kiburi cha kazi kilimzidi nguvu. Aliandika: "Dada mkubwa alijua mama anakufa, na hakuja." Ilikuwa sentensi safi, na alijichukia kwa kuipenda. Alianza barua ya kumwonya Signe, akaifuta. Aliona anajitetea kabla hajashtakiwa.

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua. Jumapili moja mchana, Bodil akimenya viazi, simu iliita.

"Mama, nimekimaliza," alisema Signe.

"Mwanangu, ile ni hadithi. Mimi nilikuwepo. Muulize mtu yeyote hapa Lemvig."

"Nitamuulizaje? Kidenmaki hukunifundisha. Miaka mitatu nilijipikia, mama. Nilijiambia si kitu, bibi anakuhitaji kuliko mimi."

"Na alinihitaji! Nilikuwa naye! Vibeke ameongopa."

"Mama mdogo simjui, sijawahi kusoma neno lake hata moja. Haya niliyosoma ni maneno yako. Nilikuwa nakusikia kabisa unavyoongea. Kama ni uongo, mama, mbona umeueleza vizuri hivi?"

Bodil, kiazi kilichomenywa nusu mkononi, alianza kujibu kwa Kidenmaki, akajisahihisha kwa Kiingereza. Signe alikuwa ameshakata simu.