Riwaya Iliyovuja Kiritiri

Kila Alhamisi, soko la Kiritiri likishapungua watu na mbuzi wasionunuliwa wakirudishwa nyumbani, Tabby alikuwa akifunika cherehani yake kwa gunia, anafunga kibanda, anatia riwaya ndani ya kiondo na kwenda zake kwa Teresia, mama Njagi.

Riwaya yenyewe aliikuta mfukoni mwa koti la mitumba aliloletewa kupunguza mikono, na mwenye koti hakuitaka. Haikuwa na jalada, wala jina lake, wala jina la aliyeitunga. Tabby aliona ni heri hivyo. Kitabu kisicho na mwenyewe unaweza kukisema upendavyo bila kumvunjia mtu heshima.

Hawakuwa walimu, hawa wawili. Tabby alishona sare za shule, Teresia alilima ndengu na kufuga mbuzi. Mmoja alisoma kwa sauti, mwenzake akapepeta ndengu, na sura ikiisha wakawajadili watu wa kitabuni kama wanavyojadili majirani. Teresia aliita kazi hiyo kusengenya bila dhambi.

Alhamisi moja ya kiangazi Tabby alifika na moyo mzito. Njagi, mwana wa Teresia, mwenye duka la spea mjini Embu, alikuwa amesema mwezi ukiisha atakuja na pikapu kumchukua mama yake. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Mto ulikuwa mbali, na mfereji wa sokoni, ule uliozinduliwa kwa nyimbo, hotuba na bamba lenye maandishi ya dhahabu, haukuwahi kutoa hata tone. Mjusi alikuwa ameingia ndani ya koki yake akalea watoto humo. Tabby hakuweza kumlaumu Njagi. Alijua tu kwamba Kiritiri nzima hana mtu mwingine wa kusoma naye, na hilo lilimuuma.

Walikuwa wamefika mahali ambapo Salome, mwanamke wa kitabuni, anateremka mtoni alfajiri, anajaza mtungi na kupanda mlima akiimba. Teresia akaweka ungo chini.

"Wee Tabby, hebu rudia hapo. Anapanda mlima akiimba?"

"Akiimba. Kwa sauti tamu kama asali, ndivyo imeandikwa."

"Mtu ako na mtungi mgongoni, mkanda umemkaza paji la uso, na anaimba? Pumzi anatoa wapi? Huyu mwandishi hajateka maji hata siku moja. Hata magoti sidhani ako nayo."

"Lakini ana mapenzi, mama Njagi. Mapenzi yanabeba."

"Basi mapenzi yabebe mtungi, yeye apumzike."

Tabby alicheka hadi akashika mbavu, na ukurasa ukaanza kuvuja. Lilitoka tone moja pembeni, halafu uzi mwembamba, halafu maji yakatiririka kama ya birika. Teresia akasogeza karai.

"Angalia usinilowanishie ndengu," alisema.

Yalikuwa maji baridi, matamu, yenye harufu ya mawe ya mtoni. Karai lilipojaa walileta sufuria, na sufuria ilipojaa wakaleta mtungi. Walipoishiwa na la kusema juu ya Salome, maji yakakatika. Teresia akapika chai.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema, akamwongezea Tabby sukari bila kuombwa.

Kesho yake mitungi ya manjano ilikuwa imepanga foleni kutoka dirishani hadi zizi la mbuzi. Watu wa Kiritiri walikuwa wamezoea kupanga foleni pasipo na maji, kwa hiyo kupanga palipo nayo hakukuwapa shida. Baada ya muda mfupi kila mtu alijua masharti. Ukikisifu kitabu, kinatoa unyevu tu. Ukijitia kugombana ili maji yaje, kinatoa vumbi. Kilichofungua maji ni neno la kweli kutoka kwa mtu aliyesikiliza vizuri.

Muchangi, anayepakia mchanga kwenye malori, alisikiliza sura moja akiwa amekalia mtungi wake. Akasema huyo mume wa Salome ni mwoga anayejificha nyuma ya methali, na mtungi ukajaa kabla hajafunga mdomo. Nyanya mmoja asiyejua kusoma akasema mama mkwe wa Salome ni mbaya kidogo mno, mwandishi ameogopa. Akaeleza wa kwake alivyokuwa. Siku hiyo hata mbuzi walikunywa wakabakisha.

Watu walishukuru, tena kwa mikono yote miwili. Walileta mayai, mapapai, jogoo mmoja mkorofi. Waliokosa cha kuleta walipepeta ndengu za Teresia wakingoja zamu yao. Tabby alikuwa hajawahi kuona nyumba ikishukuriwa namna hiyo.

Halafu akaja Bundi, mtu wa ofisi ya maji, na koti lake la kung'aa na kofia ngumu ya plastiki. Alisikiliza wakikosoa ukurasa mmoja, akaonja maji, akapiga picha. Akauliza kama wananchi wameridhika. Wananchi wakasema wanashukuru sana, na ilikuwa kweli, wakapiga makofi. Wiki iliyofuata mafundi waling'oa bamba la sokoni wakalipigilia kwenye ukuta wa Teresia. Lilisema Mradi wa Maji wa Kiritiri umekamilika. Teresia aliwaomba walipandishe kidogo, asije akaligonga na kichwa.

Mwezi ukaisha, Njagi akafika na pikapu. Alikunywa kikombe cha maji ya kitabuni, akakiri ni matamu.

"Lakini mama, kitabu kina mwisho," alisema. "Mfereji wangu hauna."

Akabeba kitanda akakitia kwenye pikapu. Ilikuwa imebaki sura ya mwisho, kwa hiyo Teresia na Tabby walikaa juu ya gunia, foleni ikasogea dirishani, Tabby akasoma. Mtoto wa Salome anatoka mjini, anampakia mama yake na vitu vyake juu ya punda, na Salome anaishi huko raha mustarehe hadi kufa kwake.

"Mwisho mbaya," Tabby akasema upesi. "Salome angebaki. Huko mjini ni kelele tu, na watu hawasalimiani."

Ukurasa ukakaa mkavu. Kwenye foleni mtu akakohoa. Tabby aliona haya, kwa sababu hakuamini alichosema. Salome alikuwa amechoka, na aliyechoka ana haki ya maji ndani ya nyumba.

"Sema ile ya kweli," Teresia alisema polepole. "Mimi nitaisikia."

Tabby akatazama kitanda kwenye pikapu.

"Haya. Ningekuwa Salome, ningeenda, tena mbio. Magoti ni magoti. Lakini huyu mwandishi ametuambia rangi ya punda. Ametuambia chakula kilichopikwa siku ya kuaga. Na hajauliza hata mara moja Salome alikuwa anaongea na nani jioni. Kwani hakuwa na rafiki? Kuna mtu amebaki kwa hicho kijiji, mama Njagi. Amesimama kwa barabara na kitabu mkononi, hajui atamsomea nani. Huyo hakuandikwa. Hata mstari mmoja, aki!"

Safari hii kitabu hakikuvuja, kilimwaga. Maji yalitoka mlangoni, yakajaza mitungi ya foleni yote, yakapita chini ya pikapu na kwenda shambani kwenye ndengu zilizokuwa zimeanza kukauka na maua yake. Njagi alivua viatu, akakunja suruali, akasimama humo kwa kitambo akimtazama mama yake aliyeshika mkono wa Tabby. Halafu akashusha kitanda, akakirudisha ndani, akakiinua juu ya matofali kisilowe.

"Sasa mwisho umekuwa mzuri?" Teresia akauliza.

"Bado," Tabby alisema akifuta pua. "Lakini tunaweza kuanza tena mwanzo."

Wakaanza. Usiku huo Tabby alimshukuru Mungu, akamshukuru mwenye koti, akamshukuru na mwandishi mwenyewe, ambaye kama angeandika vizuri zaidi, Kiritiri ingekufa kwa kiu.

Hadi leo wanasoma, na hadi leo kitabu kina makosa ya kutosha. Mfereji wa sokoni haujatoa tone, na hakuna anayekuja kuutazama, maana bamba linasema kazi ilikamilika. Taabu ni moja tu: kurasa zikilowa sana zinagandana. Ndiyo maana kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, Tabby hupitia pale sokoni, humsogeza mjusi kidogo na kuilaza riwaya juu ya koki ya serikali hadi jioni. Kiritiri nzima hakuna mahali pakavu kuliko hapo.