Shaba Nyeusi

Kufikia saa mbili asubuhi fundi Lucian alikuwa ameshasema "ni tatizo dogo tu, mama" mara nne, na kila aliposema hivyo Paskalia alizidi kukosa raha. Mtu mwenye tatizo dogo hafungui begi la pili la vyombo. Lucian alikuwa amelala Newala kwa shemeji yake ili aanze kazi mapema, na alikuja na betri mpya kutoka Masasi. Mafundi umeme wenzake wa Masasi walipoonyeshwa picha ya gari kwenye simu walicheka, wakauliza kama hilo ni gari au ni kiatu.

Kusema kweli lilifanana na kiatu. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, jekundu, fupi kimo, linalokaribia nusu karne. Nehemia, mdogo wake Paskalia, alilinunua Dar es Salaam kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akaliendesha mwenyewe mpaka Newala. Siku alipopandisha nalo mlima kutoka Masasi, watu waliacha biashara zao sokoni wakatoka kulitazama. Miaka sita iliyopita alihamishiwa kazi Bukoba, akampa dada yake ufunguo, akamwambia, "Nitunzie." Hakueleza zaidi, maana dada yake si mtu wa kuelezwa mara mbili.

Sasa Nehemia alikuwa njiani anarudi. Mwezi uliopita daktari alimwambia kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na kilichobaki nacho kitakwenda. Alipompigia dada yake hakulia. Alisema mchana bado anaona vizuri, na anataka jambo moja tu: ashuke basi Masasi, alikute gari lake stendi, aliendeshe mwenyewe mpaka Newala mara moja ya mwisho. Paskalia akamjibu, "Gari lako zima kabisa. Njoo."

Alijibu hivyo kwa moyo mweupe. Kwake gari ni bodi na magurudumu, na vyote hivyo alivitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kila mwezi alilifuta vumbi kwa kitambaa kilicholowekwa katika kikombe kimoja cha maji, na mwenye kuijua Newala na shida yake ya maji anajua kikombe hicho kina thamani gani.

"Washa, mama," alisema Lucian.

Paskalia alizungusha ufunguo. Gari lilitoa mlio mmoja mdogo, kik, likanyamaza. Lucian aligusisha taa yake ya kupimia kwenye betri, ikawaka vizuri. Akaigusisha kwenye waya wa stata, ikafifia. Alifungua nati, akasugua kichwa cha waya kwa msasa mpaka kikang'aa, akafunga. Safari hii stata ilizunguka kwa nguvu na Paskalia akapiga makofi. Ila injini ilizungushwa tu, haikushika.

"Haipati moto," Lucian alisema. Alichomoa plagi moja, akailaza juu ya chuma, akamwambia awashe tena. Wakaitazama wote wawili. Hakukuwa na cheche. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka plagi mpaka distributa, kutoka distributa mpaka koili, na kwenye koili taa yake haikuwaka hata kidogo. Umeme ulikuwa unapotea kabla ya kufika hapo. Akaifungua swichi ya ufunguo, akaishika kwenye mwanga kwa muda mrefu. Meno yake ya shaba yalikuwa meusi kama mkaa.

Simu ya Paskalia iliita. "Dada, nipo Nanganga, nakaribia Masasi," alisema Nehemia. "Basi limesimama watu wanakula. Mmeshatoka?"

"Ndiyo tunatoka sasa hivi," Paskalia alisema. Ni uongo ambao kila mtu nchi hii ameusema akiwa bado na taulo kiunoni, lakini yeye ulimchoma.

Lucian aliiacha swichi, akavuta waya mpya moja kwa moja kutoka betri mpaka koili. Akafungua kifuniko cha distributa, akakuta na platini, vile vidole vya kukatia umeme, nazo zimevaa weusi uleule, akazisugua. Plagi ikarusha cheche ya bluu. Akairudisha mahali pake, Paskalia akawasha, na injini ikashika. Ilinguruma kwa sauti nzito iliyotoka miaka sita nyuma, kuku wakakimbia, jirani yake Veridiana akachungulia ukutani. Paskalia aliweka mikono kifuani. Kabla hajamaliza kumshukuru Mungu, ikazima.

Kuanzia hapo hapakuwa tena na hatua ya kueleweka. Lucian alitengeneza hapa, pakakatika pale. Alipopata umeme kwenye koili, uliondoka kwenye waya wa bodi. Alikata waya mmoja atafute shaba nzuri ya kuungia, akakuta ndani ni nyeusi. Akakata mbele kidogo, nyeusi. Akakata mpaka waya ukawa mfupi haufiki unakotakiwa, na bado ni nyeusi. Paskalia alisimama ameshika chupa ya chai ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo. Alitamani ashike kitu, asukume kitu, alie. Hakujua hata aombee waya upi.

"Mama Ethel," Lucian alimwambia hatimaye, akijifuta mikono. "Gari hili lilikuwa linalala wapi?"

"Stoo. Stoo ya korosho ya marehemu baba Ethel. Bati zima, sakafu kavu, halijanyeshewa hata tone."

"Stoo yenye salfa?"

"Tunaweka salfa ya kupulizia mikorosho, ndiyo. Na ndani ya gari pia." Alisema kwa fahari, kwa kuwa alikuwa hajaelewa. "Panya wanakula nyaya, fundi. Kwa Veridiana walimaliza pikipiki nzima. Mimi kila msimu nilimwaga salfa chini ya boneti na kwenye buti, na mfuko mmoja nikauacha wazi ndani. Hakuna panya wala nyoka aliyesogea."

Lucian alichukua kipande cha waya, akakichuna, akamwekea kiganjani. Mkono wa Paskalia ulikuwa unalijua jibu kabla yake. Alizikumbuka bangili za shaba za mama yake, alizozitundika mle stoo mwaka mmoja tu, na zilivyotoka nyeusi, hazitakati kwa limau wala kwa majivu.

"Salfa na shaba hazikai pamoja," Lucian alisema taratibu. "Na joto la bati juu yake. Imeingia kila mahali, mama. Inabidi nyaya zote zing'olewe, ziagizwe nyingine. Miezi miwili, kama zinapatikana." Akatazama chini. "Nitamwambia ni uzee wa gari. Atakubali."

Simu iliita tena. Nehemia alikuwa ameshuka Masasi, amezunguka stendi yote, halioni gari. Paskalia alimwambia apande gari lolote linalokuja Newala. "Sawa, dada," alisema Nehemia, na hakuuliza kitu. Hapo ndipo Paskalia alipolia.

Alifika saa nane, kwenye gari dogo la kukodi. Alishuka polepole, amekonda, amevaa miwani mikubwa. "Shikamoo, dada." "Marahaba, mdogo wangu." Lucian akaanza hadithi yake ya uzee wa gari, Paskalia akamkatiza.

"Ni mimi," alisema. "Nililijaza salfa. Nilikuwa nazuia panya, na kumbe naliua mwenyewe kila mwaka. Nimekuharibia, Nehemia. Nisamehe."

Nehemia alilipapasa gari kuanzia taa mpaka mlango, akainusa mikono yake. Alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Halina hata mkwaruzo," alisema. Aliingia, akashika usukani, akakaa. Waliokuwa uani hawakujua watazame wapi. Kisha akasema, "Magurudumu yanazunguka? Basi nisukumeni. Mpaka pale barabara inapoishia."

Wakamsukuma. Lucian na dereva wa gari la kukodi walikuwa nyuma, Veridiana naye akafunga kanga vizuri akaja, na Paskalia akasukuma kwenye nguzo ya mlango, karibu na dirisha. Barabara ya mtaa ule ni tambarare, na gari lilikwenda kwa ukimya, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nehemia alikaa wima, kiwiko dirishani, anatabasamu. Kwa mara ya kwanza siku ile Paskalia alipata cha kufanya, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Mbele yao boza la maji lilikuwa limesimama, na foleni ya wanawake na ndoo imevuka mpaka katikati ya barabara. Jua lilikuwa bado kali, kila kitu kinaonekana. Paskalia alingoja mdogo wake akunje. Hakukunja.

"Dada," Nehemia aliita kwa sauti ya chini, wa nyuma wasisikie. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele moja kwa moja, na lile tabasamu bado lipo. "Pale mbele pana kitu?"

Paskalia aliikumbuka barabara ya mlimani kutoka Masasi na kona zake zote, ambazo mdogo wake alitaka kuzipita leo. Akasogeza mdomo dirishani.

"Pana watu," alisema. "Kunja kushoto. Kidogo tena. Hapohapo. Sasa nyoosha."

Nehemia alinyoosha. Paskalia akaendelea kusukuma, akimtajia kila kilichokuwa mbele.