Doa Kwenye Paji la Mahona

Mwezi ule nilikuwa nimechoka kuwaambia watu jambo lile lile. Picha haitaki maji, haitaki moshi, haitaki jua la dirishani. Wanaitikia vizuri, wanaondoka, halafu wanarudi na fremu imeota ukungu na kuniuliza niliwawekea kioo gani. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Bariadi, na nasema bila kuona haya kwamba hakuna mtu mjini hapa anayekata pembe ya fremu ikakaa kama ninavyoikata mimi. Wengine wanagongelea misumari tu. Lakini ufundi haukuondolei uchovu. Asubuhi ile nilikuwa nasinzia juu ya kipande cha ubao, mama mmoja akaingia.

"Mwangaluka, fundi."

Niliitikia salamu yake ya Kisukuma nikamsogezea stuli. Alisema anaitwa Kwandu, katokea Kasoli, mumewe Mahona alifariki mwaka jana. Alifungua kitenge akatoa picha ya huyo marehemu: mwanamume mwenye koti la kuazima studio, kidevu juu, kama aliyeambiwa asicheke. Kutoka paji la uso hadi jicho la kushoto kulikuwa na doa jeusi linalong'aa, mithili ya mafuta.

"Nataka hili doa litoke kabla ya Jumamosi," alisema.

Niliigeuza. Haikuwa kazi yangu, na aliyeifanya hakuwa na aibu. Picha imelazwa moja kwa moja kwenye kioo, bila ukanda wa kadibodi wa kuitenganisha nacho, na nyuma kumewekwa karatasi ya mfuko wa saruji. Karatasi ilikuwa laini. Nilipoinusa nikapata udongo na kinyesi cha ng'ombe. Nikamuuliza kama walisiriba nyumba karibuni.

Walisiriba, ndiyo. Jumamosi ilikuwa ibada ya kusimika msalaba kaburini kwa Mahona, na wanawake wa mji mzima, yaani boma lote la ukoo, walisiriba nyumba zote kwa siku moja ili wageni wakute pasafi. Picha zikarudishwa ukutani jioni ile ile, ukuta ukiwa bado mbichi, maana msumari mtupu kwenye nyumba ya msiba unatazamwa vibaya. Kwao kila mtu hufanya hivyo. Ukuta ulikauka kwa kutoa maji yake, na maji yakapitia nyuma ya fremu.

Nilimweleza kwamba picha imegandana na kioo. Nikiivuta, paji la Mahona litabaki kwenye kioo na kwenye karatasi patabaki peupe. Ninachoweza ni kuikausha ili doa lisitambae zaidi. Kulitoa, hapana.

Akanieleza mambo ambayo sikumuuliza. Shemeji yake, Jilala, alitaka kumrithi. Yeye alikataa, kwanza kwa sababu ya kanisa, na pili kwa sababu hamtaki. Tangu doa litokee, Jilala anatembea akiwaambia watu kwamba kaka yake amekunja uso pale ukutani kwa hasira. Baada ya ibada wazee wa ukoo wangekaa. Wakikubali kwamba marehemu amesema, Kwandu atachagua: aolewe na Jilala, au afungashe arudi kwao Sola, aache watoto na shamba la pamba alilolima kwa mikono yake.

"Uje uwaambie hayo uliyoniambia," alisema.

Nilimwambia, mayu, mama yangu, mimi fundi fremu, si wakili wa ukoo wa mtu. Nina picha za mahafali zimejaa hadi chini ya meza. Nimechoka.

"Nikisema mimi wataona najitetea. Na kama ni kuchoka, fundi, tusianze kushindana."

Nilitoa ile karatasi, nikaiacha picha kivulini ikauke taratibu, maana jua lingeikunja. Niliweka ubao mwembamba mpya wa hadibodi nyuma. Nikakata vipande vya malapa makuukuu nikavigundisha kwenye pembe nne, ili fremu isiguse ukuta na hewa ipite. Kioo sikukigusa. Jumamosi nilifunga kibanda nikapanda bodaboda kwenda Kasoli, najilaani njia nzima.

Msalaba ulishasimikwa na watu walishakula. Wazee walikuwa sebuleni kwa marehemu, wanawake wamekaa mlangoni. Mkubwa wa ukoo, Mzee Luhaga, alikuwa anaumwa jino na alitaka mambo yaishe. Jilala nilimtambua kabla sijaonyeshwa: mtanashati, kiatu kimepigwa rangi, na sauti ya mtu aliyezoea kuchekewa.

"Ehe, fundi vioo," alisema alipoona nilichobeba. "Umekuja kumpangusa kaka yangu machozi?"

Walicheka. Nilimwamkia Luhaga, nikaeleza habari ya ukuta mbichi. Nilishaisema mara nyingi mno hata maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, nao walinisikiliza kama watu wanavyosikiliza matangazo ya kanisani. Nilipomaliza, Jilala akanyoosha kidole ukutani. Pale kuna kalenda, alisema, na pale kuna picha ya Familia Takatifu. Mbona hazina doa? Ukuta umemchagua Mahona peke yake?

Lilikuwa swali zuri, siwezi kumnyima hilo. Nikasema kalenda haina kioo, na Familia Takatifu imechapwa kwenye plastiki. Haikuwaingia. Mzee mmoja alipiga miayo. Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka, maana nikichoka huwa sina subira hata kidogo, na sikusafiri kwenye vumbi lote lile ili nichekwe na mtu mwenye kiatu kinachong'aa.

"Siku ile mlisiriba nyumba gani nyingine?" niliuliza.

Wanaume walitazamana. Kwandu alijibu kutoka mlangoni. "Kwa Jilala."

"Kuna picha yenye kioo?"

"Ya harusi yake."

Jilala alisema nyumba yake si gulio, haingii kila mtu. Luhaga, mkono kwenye shavu, alisema iletwe tu, tumalize. Aliyeinuka ni mke wa Jilala mwenyewe. Alikwenda kwa haraka kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyekuwa ameketi na miguu imevimba, akarudi ameikumbatia kifuani, hata hakuitazama.

Luhaga aliipokea, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Bibi harusi alikuwa mzima. Jilala, ndani ya suti, doa lilikuwa limemla kutoka kidevuni hadi chini ya pua. Mdomo haukuonekana kabisa.

Mzee aliitazama picha, akamtazama Jilala, akarudi kwenye picha.

"Na huyu amekufa lini?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha mke wa Jilala alijifunika khanga usoni na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hayo ni maji tu ya ukuta, mzee," Jilala alisema.

Alipolisikia neno lake mwenyewe, alikaa.

"Basi na ya kaka yako ni maji ya ukuta," Luhaga alisema, akamrudishia mke wa Jilala picha yake. "Kwandu anabaki kwenye mji wake. Hilo limekwisha. Nani ana dawa ya jino?"

Niliitundika picha ya Mahona pamoja na doa lake. Ilikaa mbali kidogo na ukuta. Watu walianza kutawanyika, Jilala akitangulia, na bodaboda wangu alikuwa hajulikani alipo.

Kwandu aliniletea ugali uliopoa na maziwa mgando. Yeye alikaa kizingitini, akavua viatu, akaegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango.

"Kesho nina pamba ya kuchuma," alisema.

Nilimuuliza kama atapata wa kumsaidia. Nilipogeuka alikuwa ameshalala, kinywa wazi, nikaendelea kula polepole nisimwamshe.