Sauti ya Huqa kwenye Meza ya Mulki

Siku ambayo ndugu yangu Huqa alitoweka, mitungi kumi na miwili ya maziwa ya ngamia ilibaki kando ya barabara na basi la Nairobi likaondoka bila mitungi hiyo. Hapo ndipo tulipojua kwamba hayupo. Kupakia maziwa kulikuwa kazi yake kwa miaka miwili, na hakuwahi kuacha mtungi hata mmoja. Wanawake wa maziwa walinigombeza mimi, Dokata, kwa sababu ni dada yake na ndiye ninayepima maziwa pale. Niliwaacha wagombe. Nilikuwa naangalia kandambili zake, amezipanga vizuri pembeni mwa mitungi kama mtu anayeingia msikitini.

Alikuwa hajalala siku nne. Alikuwa akisema mji wa Merti si mbali, kwamba ngamia wetu wako huko na wanamwita kwa jina. Hatuna ngamia Merti. Wachungaji walimpata siku ya tatu amekufa chini ya mgunga, mbali na maji. Walikuwa watu wema. Walimswalia, wakamzika siku ileile, na habari ikatufikia na lori la mbuzi. Kwa hiyo hapa Isiolo hatuna kaburi la kutembelea.

Tuliwaambia watu kwamba alikufa kwa kiu safarini. Ni kweli, lakini ni nusu.

Nusu ya pili ni hii. Huqa alikuwa na ugonjwa unaompandisha mtu moyo mpaka haoni haja ya kulala, kisha unamtupa chini mpaka hawezi hata kunawa uso. Kliniki ilimpa vidonge, na kwa vidonge hivyo alipakia maziwa miaka miwili. Mimi pia ninao ugonjwa huo, na kadi ya kliniki ya rangi ileile. Wa Huqa watu waliujua, maana ulimshika mbele yao sokoni. Wangu haukutoka nje ya nyumba yetu ya Kiwanjani, na Aayo, mama yetu, alitaka ubaki humo.

Kisha Mulki, jirani yetu, akaweka meza mtaa wa Wabera, anauza mikebe ya unga wa vitamini na madini. Huqa akaupenda. Tulimuuliza sista Margaret wa kliniki, naye akatazama mkebe, akasoma maandishi yote.

"Kunywa ukitaka," akasema. "Lakini vidonge usiache, Huqa. Unanisikia? Huu ni chakula. Huu si vidonge."

Akanywa vyote viwili, akawa sawa. Mulki alipomwona anacheka barabarani akamwomba amrekodi maneno machache kwenye simu, ya kuwasikilizisha wateja kwa spika. Jioni hiyo nilimuuliza mbona hakutaja vidonge.

"Dokata, wewe nawe," akasema. "Nikisema vidonge vya kliniki, watasema Huqa ni wazimu. Nikisema unga, watasema Huqa anajitunza. Wewe ungechagua gani?"

Mimi nilikuwa nimechagua kunyamaza kabisa.

Watu wakaanza kumpongeza. Wengine walimfuata mpaka kwenye mitungi kumuuliza siri yake, naye akawajibu vilevile, na siku moja akaanza kuyaamini maneno yake mwenyewe. Baada ya kifo nilikuta bahasha ya kliniki kwenye mfuko wa koti lake. Vidonge vya wiki tano, havijaguswa. Mimi ninayenusa maziwa ya watu na kujua yaliyoanza kuharibika kabla mwenyewe hajajua, sikunusa hilo nyumbani kwangu.

Mwezi wa pili wa msiba nilipita Wabera nikamsikia.

"Salaam aleikum! Mimi ni Huqa, mpakia maziwa, nyote mnanijua. Nilikuwa nimepotea kichwa. Leo niko sawa, na siri ni huu unga tu. Unga tu! Na Aayo, kama unanisikia, weka chai, nakuja."

Halafu kicheko chake. Halafu spika ikaanza tena mwanzo.

"Mulki, zima hiyo."

"Dokata! Karibu, mpenzi. Kwanza pole tena…"

"Zima."

"Si aliongea mwenyewe? Nilimshika mdomo?" Alishusha sauti. "Na pia kamuulize mamako. Anakuja hapa kila siku. Mimi humwekea kiti."

Nilirudi nyumbani nikaangalia jikoni. Kwa wiki nzima Aayo alikuwa akisema anaenda Wabera kununua vitunguu. Tulikuwa na vitunguu vya kutosha harusi.

"Aayo, hivi vyote ni vya nini?"

Hakugeuka. Alikuwa anaweka chai.

"Usigombane na Mulki," akasema. "Kaburi la mwanangu liko mbali, na miguu yangu unaijua. Pale ananiita."

"Pale anadanganya watu, Aayo."

"Ananiita," akasema, akamimina vikombe vitatu, nasi tulikuwa wawili.

Nilinyamaza wiki tatu. Sijivunii.

Aliyenitoa kwenye ukimya ni Akuam, mama wa Kiturkana anayeleta maziwa tangu nianze kazi. Kazi yangu si ya kupendwa. Namwaga maziwa kidogo kwenye kikombe, natia spiriti, yakishikana mabonge, ndiyo dalili yameanza kuharibika, namrudishia mwenyewe, hata kama ni shangazi yangu. Akuam nilimrudishia mtungi mara moja akaniita jina ambalo siwezi kuandika. Lakini asubuhi hiyo alikuwa mpole.

"Dokata, meza ya Mulki iko upande gani wa Wabera? Nataka unga wa dada yangu Atabo. Vidonge vya kliniki vinamnenepesha, analala kama jiwe. Nimemwambia avitupe."

"Ametupa?"

"Atavitupa leo akipata unga. Huqa si aliacha?"

"Huqa amekufa, Akuam."

"Najua, Mungu amlaze pema. Kiu ni kitu kibaya. Lakini kichwa chake kilikuwa kimepona. Nilimsikia mwenyewe."

Hapo niliona kazi ya ile nusu ya ukweli tuliyowaambia watu. Mulki alikuwa na uongo wake, na sisi kwa heshima zetu tulikuwa tumemsaidia kuubeba. Nilivua aproni.

"Twende," nikamwambia. "Nakupeleka."

Aayo alikuwa kwenye kiti chake, mkoba wa vitunguu mapajani. Spika ilikuwa inasema unga tu, unga tu. Niliinyanyua kutoka mezani nikaizima, kisha nikainua bahasha ya kliniki, niliyokuwa natembea nayo mfukoni tangu msiba.

"Hii ni ya Huqa," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nianze upya. "Hivi ndivyo vidonge vilivyomponya, miaka miwili. Unga huu aliunywa pia, haukumdhuru. Lakini aliacha vidonge wiki tano, akaacha kulala, akatembea kwenda Merti bila viatu. Hicho ndicho kilichomuua. Kiu ilimkuta njiani."

"Wewe, unaniharibia jina!" Mulki alipiga kelele. "Mwambieni huyu, ana msiba, kichwa kimemzidi."

Mwanamume mmoja aliyekuwa anatafuna miraa kwenye kibaraza alicheka. "Kumbe ni ya ukoo! Mpakiaji wazimu, mpimaji naye?"

Watu wakacheka. Nilimwona Aayo akiniangalia, akitikisa kichwa taratibu, usiseme, usiseme.

"Ndiyo," nikasema. "Ni ya ukoo. Kadi yangu hii hapa. Mwaka wa sita nakunywa vidonge, na mwaka wa sita napima maziwa yenu. Nani ameumwa tumbo? Wewe umeumwa? Basi tafuna majani yako."

Sasa waliomcheka ni wengi kuliko walionicheka mimi. Akuam hakucheka. Alikuwa amechukua bahasha mkononi mwangu, anasoma tarehe.

"Vinamnenepesha kweli," akasema, kama anayelalamika kwangu.

"Mwambie sista. Atapunguza, au atambadilishia. Mimi vyangu vimebadilishwa mara mbili. Lakini asitupe."

Mulki alinyoosha mkono achukue spika yake. Aayo akasimama kabla yake. Nilidhani anakuja kunizaba kofi.

"Futa," akamwambia Mulki.

"Mama, si tuitoe tu kwenye spika? Niitume kwenye simu ya Dokata, uwe unasikiliza nyumbani…"

"Mwanangu hakuwa mwongo. Hapo tu ndipo alipodanganya. Futa, nikiona."

Aayo hajui kusoma, lakini aliiinamia simu ya Mulki mpaka sauti ikafutwa, kisha akamwambia aicheze. Haikucheza. Akamwambia mara ya pili, haikucheza. Akauacha mkoba wa vitunguu mezani, tukatembea mpaka Kiwanjani. Njiani aliniambia jambo moja tu, kwamba ningemwambia yeye kwanza, kabla ya kuwaambia watu wa Wabera.

Sauti ya Huqa haipo tena popote. Wapo wanawake wawili ambao sasa hupeleka maziwa yao kwa mpimaji mwingine. Mulki bado anauza unga wake, na mimi kidonge changu nakunywa saa kumi na mbili asubuhi kwenye meza ya kupimia, kabla ya basi. Alhamisi ya kwanza ya mwezi naenda kliniki, na Atabo, dada yake Akuam, hunishikia nafasi kwenye foleni.