Pingili ya Kumi na Mbili

Dokta Lisette alibandika picha ya mifupa kwenye kioo chenye taa, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Pingili saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, kisha zile zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na kale kamkia mwishoni. Mzee Massoudi, fundi wa kanzu pale mtaani Bwiza kwa miaka hamsini na mbili, alihesabu naye kimoyomoyo. Hakupenda mtu amhesabie.

"Ni hii," daktari akasema. "Ya kumi na mbili ya kifua. Imebonyea mbele. Nyuma ingali ndefu, mbele imekuwa fupi, kama nguo iliyokunjwa na kushonwa upande mmoja. Njo maana unainama, muzee. Umepungua kimo."

"Mi nimepungua?"

"Santimita tano, labda sita. Utavaa korse, ule mukanda mupana unaoshika mugongo. Na cherehani ya miguu uiache. Unaishi na nani?"

"Naishi kwangu," Massoudi akajibu, akachukua kofia yake.

Njiani alijadiliana na ile picha mpaka akaishinda. Ilipigwa akiwa amelala, na mtu hapimwi amelala. Hata mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo. Yeye aliamini utepe. Na mfupa ule wa juu, wa saba wa shingo, unaotokeza mtu akiinamisha kichwa, aliufahamu kabla daktari huyu hajazaliwa. Ndipo fundi huweka kidole gumba anapopima urefu wa kanzu. Aliwahi kukiweka mgongoni mwa nusu ya wanaume wa Bwiza bila kujua kwamba mfupa ule ni wa saba. Sasa alijua, na alifurahi kidogo kujua.

Basi akakata shauri. Utepe ukisema hajapungua, cherehani itabaki mlangoni. Ukisema amepungua, ataifunga. Na akiifunga, nani atavuka kizingiti chake? Tangu mkewe Kudra afariki, miaka minne sasa, waliokuja walikuja kupimwa. Walinyoosha mikono, wakasimulia habari za mjini, wakaenda zao.

Kipimo chake kilikuwamo daftarini, kwa mwandiko wa Kudra: mia na arobaini na nane, kutoka mfupa ule wa saba hadi sakafuni. Kila mwaka kabla ya Idi Kudra ndiye aliyempima. Ukutani, peke yake, Massoudi akabana ncha ya utepe kwenye kola kwa pini, akasimama wima, akainama kusoma. Alipoinama utepe ulipanda. Alipoinuka ulishuka. Akajaribu mara sita, mpaka pini ikamchoma.

Epiphanie, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa mlango wa pili, alikuwa akimtazama kwa dirisha.

"Muzee, unacheza na nyoka?"

"Napima mugongo."

"Lete mi nikupime. Haraka tu, ndagala zinaningoja."

"Apana, mama. Haifai."

"Sina bwana wa kunigombeza, na weye huna bibi. Unaogopa nani?" Akacheka mwenyewe. "Basi nenda kwa Hamimu. Mufundi kwa mufundi."

Hamimu alifundishwa na Massoudi, miaka saba, akimshonea hata kanzu za Idi kwa kipimo cha Kudra, kisha akafungua duka lake ng'ambo ya barabara, akaweka cherehani ya umeme. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wakipeana salamu tu, kwa sababu dini inaidai. Hata hivyo Massoudi alivaa koti, akavuka barabara.

Hamimu aliinuka upesi mpaka kiti kikaanguka.

"Mwalimu! Karibu. Kuna msiba?"

"Nipime urefu. Kwa sauti, kama nilivyokufundisha."

Hamimu hakuuliza tena. Massoudi akavua viatu na koti, akasimama. Kidole gumba kikatua juu ya mfupa wa saba, kizito, cha joto. Utepe ukateremka mgongoni, ukapita pale palipopinda, ukafika chini. Hamimu akaisoma namba, akaisoma tena.

"Mia na arobaini na nane," Hamimu akatangaza.

Massoudi alitaka sana kushukuru na kuondoka. Lakini utepe wa fundi una santimita mia na hamsini, na ncha yake ya shaba, iliyo baridi, ilikuwa imelala sakafuni, ikimgusa ubavuni mwa unyayo. Kwa mtu wa mia na arobaini na nane, kinachobaki sakafuni ni upana wa kidole. Hiki alichokihisi kilikuwa upana wa vidole vinne.

"Hamimu."

"Naam, mwalimu."

"Miaka saba nilikufundisha kusema uongo?"

"Apana, mwalimu."

"Mteja ukimdanganya, nguo inamwangusha njiani. Soma."

Hamimu akapiga magoti, akaubana utepe kwa kucha. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mia na arobaini na mbili."

"Rudia. Fundi anataja mara mbili."

"Mia na arobaini na mbili, mwalimu."

Massoudi akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kazi ya mwenzake. Sita. Daktari hakukosea. Macho yake yakaelekea ng'ambo, kwenye cherehani yake iliyokuwa mlangoni, na mtu aliyekuwa akipita bila kuitazama.

"Sasa nipime kifua," akasema, "na kiuno, na nyonga. Nahitaji vipimo vya korse."

"Nitakuandikia, mwalimu, nikupelekee mwenyewe kwa watengenezaji."

"Pima tu."

Hamimu akamzungushia utepe chini ya mikono, akaukaza, akalegeza, akashika mbavu ili asikosee, akataja kila namba mara mbili. Kazi ya dakika mbili. Hakuna aliyekuwa ameugusa mgongo huo kwa miaka minne. Massoudi akafumba macho, na Hamimu alipotaka kuukunja utepe akamwambia hakusikia vizuri, aanze tena na kifua, polepole.