Jina la Arobaini

Saa moja na nusu asubuhi Zita alikuwa ameshapanga karatasi saba na kaboni sita, akazigonga mezani zikae sawa, akazisokomeza kwenye mashine ya chapa. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, chuma kitupu. Ili nakala ya saba isomeke, kila herufi ilibidi ipigwe kama mtu anayeponda karanga, na Bwana Evaristi, karani mkuu, alikuwa na desturi ya kuanza kukagua na hiyo ya saba.

"Hii ni nini, kivuli?" alisema. "Gonga, binti. Au unaihurumia?"

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka vita vilipoanza. Orodha ilikuwa ya vijana arobaini wa Bisibo, na juu yake iliandikwa kwamba wote wamejitolea kwenda vitani. Walijitolea mnadani Jumamosi, mgambo walipozungusha kamba pande zote nne. Ng'ombe tu ndio walioruhusiwa kutoka bila kuandikwa. Vijana wakaambiwa lori litawafuata Ijumaa, na asiyetokea, mama yake atalala mahabusu badala yake. Namba tisa alikuwa Theonest, kaka yake Zita, ambaye alikwenda mnadani kununua chumvi.

Kufika mchana kifundo cha mkono wa kulia cha Zita kilikuwa kimevimba, hata bangili haikuzunguka. Alikikanda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa.

"Mkono unauma?" Bwana Evaristi aliuliza. "Wenzako wanakwenda kuacha mikono mizima huko."

Saa kumi alikwenda kwa Mzee Ntakirutimana, aliyehamia hapo zamani kutoka Murusagamba na kuishi kwa kuumika watu kwa pembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si wewe unayewaandika vijana?"

"Mimi nagonga tu."

"Na mimi nachanja tu. Lete mkono."

Alimchanja mara tatu kwa wembe, akaweka pembe juu, akafyonza hewa, akaziba tundu kwa nta. Alipoibandua, haikutoka damu. Lilidondoka jina, jeusi, lenye unyevu kidogo, herufi zimeshikana kama siafu, likalala juu ya jani la mgomba. Mzee alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima, akaliunganisha polepole. "Ma-yu-nga. Nge-le-ja."

"Huyo ni wa arobaini," Zita alisema.

"Ulimgonga mwisho, ndiyo maana yuko juu. Wengine wako chini yake. Urudi kesho." Akalitupa jani shambani, akaifuta pembe.

Mkono ulipungua uzito, kiasi cha mtu mmoja.

Kesho yake mstari wa arobaini ulikuwa mweupe katika nakala zote saba. Bwana Evaristi aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Tangu vita vianze alikuwa ameshapokea kaboni mbovu, utepe mkavu na gundi isiyoshika, kwa hiyo hakuuliza kitu.

"Idadi ni arobaini," alisema. Akafungua daftari la kaya, akaandika jina la Faustini, fundi baiskeli. Na kwa kuwa hakuna mtu awezaye kurudisha karatasi saba kwenye mashine mistari ikakutana, orodha nzima ilirudiwa.

Kabla Zita hajaanza kuirudia, mama yake alikuja dirishani na viazi vya kuchemsha. Habari za Mayunga zilishafika kila nyumba. Jina lake halikuwamo tena, naye alikuwa shambani anapalilia maharage.

"Mashine unayo, mkono unao, mzee yupo," alisema Mama Verediana. "Unangoja nini?"

"Nafasi haikai wazi, mama. Ataingia mwingine."

"Huyo mwingine hakutoka tumboni mwangu." Akaviacha viazi kwenye kizingiti cha dirisha, akaondoka.

Zita alimweka Faustini namba tisa, na Theonest akamgonga mwisho. Hakuna aliyekuwa ameagiza mpangilio.

Jioni ile mzee aliliangalia jina kwenye jani muda mrefu kuliko la kwanza.

"Huyu si kaka yako?"

"Ndiye."

"Na ulimgonga mwisho."

"Ndiyo, mzee."

Akalitupa jani. Hakumwambia arudi kesho.

Alhamisi asubuhi Bwana Evaristi alipitisha kidole kwenye daftari, akasimama palipomfaa, akajaza mstari mweupe kwa kalamu: Xavery Ntakirutimana.

Zita alilisoma. Vidole vikabaki juu ya mashine.

"Huyu ni mtoto wa pekee, Bwana."

"Na hii ni nafasi ya pekee. Gonga."

Akagonga. Majina arobaini, nakala saba, Xavery mwisho. Mkono ulikuwa wa moto hadi kwenye kiwiko.

Saa kumi mzee alikuwa amesimama njiani, pembe mkononi. Hakusubiri salamu. Alimkalisha Zita kwenye jiwe palepale, akachanja, akafyonza mpaka mashavu yakazama. Xavery alipodondoka, mzee alilikunja jani mara nne, akalitia mfukoni mwa koti.

"Toa jingine, mzee. Mkono unaniua."

"Wangu nimeshamtoa. Nenda."

"Lakini kesho wata—"

"Nimesema nenda. Ulipomtoa wa kwako nilikuzuia?"

Ijumaa lori lilikuwa nje tayari, injini inanguruma. Bwana Evaristi aliona mstari mweupe, akatazama saa, hakuhangaika hata na daftari.

"Mrudishe yule Theonest. Karatasi zilishamzoea."

"Bwana, niache kwanza niende nikaumikwe."

"Lori halisubiri pembe."

Zita alipanga karatasi saba na kaboni sita. Jina la kaka yake aliligonga mwisho, taratibu, na Bwana Evaristi akaichungulia nakala ya saba na kusema leo angalau inasomeka. Saa sita lori liliondoka na watu arobaini. Theonest alikaa nyuma kabisa, miguu inaning'inia, na alipopita dirishani alimtazama dada yake kama mtu anayetazama kibao cha ofisi. Mama Verediana alilifuata lori mpaka mahali barabara inapokata kona. Aliporudi hakupitia dirishani.

Jumatatu ilikuja orodha ya Nyantakara, vijana arobaini, wote wamejitolea. Saa kumi Zita alikwenda kwa mzee, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akanyoosha mkono. Pembe ilitoa jina la juu, na Jumanne nafasi yake ikajazwa, na orodha ikarudiwa. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Watu walizoea, wakawa wanaleta mayai ofisini ili wa kwao agongwe mwisho.

La Theonest halikutoka tena. Lilikuwa limelaliwa na mengine mengi, likashuka mpaka likakaa juu ya mfupa. Ukiugeuza mkono wa Zita kwenye jua ungeweza kulisoma. Barua haikuja, lori halikumrudisha. Kila Jumatatu Zita aliweka karatasi saba, akaanza na kichwa cha orodha, na kwenye neno "wamejitolea" jina lile lilimchoma mara kumi na moja, mara moja kwa kila herufi.

"Nakala ya saba haionekani," alisema Bwana Evaristi.

Akagonga kwa nguvu zaidi.