Tela la Ngozi

Pale gerejini watu walimwita Fundi tu, ingawa mafundi walikuwa wawili. Wa pili alikuwa kaka yake mkubwa, waliyeachiwa naye gereji na baba yao. Huyo wateja walimwita Bosi kwa sababu ya shati lake jeupe na kile kiti alichokiweka mlangoni. Umeme wa magari aliujua, hilo hakuna aliyembishia. Alichokuwa hakiwezi ni uchafu.

Asubuhi hiyo Fundi ndio kwanza alikuwa amerudi kazini baada ya wiki tatu za kumuuguza shangazi yao. Hajamaliza kufunga vifungo vya ovaroli, harufu ikaingia kabla ya gari: ngozi mbichi za ng'ombe zilizotiwa chumvi na kushindishwa juani, harufu ya kung'ang'ania kooni hata ukiziba pua. Nyuma ya harufu ikaja pikapu mpya inayong'aa, ikivuta tela chakavu la mbao na chuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nisamehe kwa harufu. Mimi siisikii tena, ila mke wangu ananilaza sebuleni."

Mzee huyo alikuwa akikusanya ngozi machinjioni na kuzipeleka kiwandani. Alikuwa amefunga taa mpya za LED kwenye tela, maana za zamani zilimchosha kwa kuungua balbu. Pikapu ikazikataa. Dashibodi ikaandika kwamba taa za tela ni mbovu, na zenyewe zikawa zinapepesa kama za disko. Bosi akamtengenezea siku hiyo hiyo, onyo likazima. Sasa shida ni kwamba akikaa kwenye foleni na mguu juu ya breki, anasikia kitu kinaungua, na moshi mwembamba unafuka mbele ya tela.

"Halafu barabarani siku hizi hakuna adabu," akaongeza. "Wiki hii nimetukanwa mara tatu. Juzi kijana wa pikipiki kanigonga kwa nyuma, halafu ananiuliza mimi kama nina akili."

"Kaumia?"

"Goti tu. Lakini mdomo ulikuwa mzima!"

Fundi hakucheka. Alimwambia mzee aingie garini akanyage breki, akazunguka nyuma. Taa ndogo ziliwaka, nyekundu safi. Indiketa nazo zikawaka. Za breki, kimya.

"Umekanyaga, mzee?"

"Mpaka mwisho! Na gari linasema kila kitu kiko sawa!"

Akatandika kadibodi, akajilaza chini ya tela na tochi mdomoni. Maji ya ngozi yalikuwa yakichuruzika kati ya mbao, chumvi na damu na mafuta pamoja. Tone moja likamdondokea shavuni, la uvuguvugu. Akalifuta kwa bega, akaufuata waya kutoka kwenye plagi. Shibiri moja tu, waya wa breki ulikuwa umekatwa kwa koleo. Ncha inayokwenda kwenye taa ilikuwa imevishwa tepu nyeusi. Ncha inayotoka garini ilikuwa imeungwa kwenye rezista, kipande cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba, kilichofungwa moja kwa moja kwenye ubao. Ubao ulikuwa umeshaungua ukawa mkaa. Mafuta ya ngozi yalikuwa yakidondokea pale na kukaangika, nywele za ng'ombe zikagandia juu yake. Fundi alinusa mara moja tu, akaziba pua kwa kiwiko.

Kilichofanyika alikielewa bila kuambiwa. Magari ya kisasa hupima taa kwa umeme zinaokula. LED hula kidogo mno, basi kompyuta inadhani balbu imeungua. Ukiunga rezista pamoja na taa, rezista inakula kile kilichopungua na gari linatulia. Ni dawa halali, mradi taa yenyewe ipo. Hapa taa ilikuwa imetengwa kabisa. Rezista ilibaki peke yake kulidanganya gari.

Akapima waya uliobaki, akaona na sababu ya kukatwa kwake. Katikati ya tela chumvi ilikuwa imeula mpaka shaba ikawa unga wa kijani, na waya ukawa unagusa chuma. Kuubadilisha kulitaka mtu alale pale pale alipolala yeye.

Akatoka, hakujipangusa.

"Kaka, waya wa breki umeukata wewe?"

Bosi alikuwa akisafisha miwani. "Ulikuwa unapiga shoti. Ukikanyaga tu, kompyuta inakata umeme."

"Kwa hiyo?"

"Mteja alilalamikia onyo, nikaliondoa onyo. Ulitaka nilale chini ya uozo ule? Unajua mimi nina kinyaa tangu utoto."

"Na mzee ulimwambia hana taa za breki?"

"Nilipanga umalizie wewe ukirudi."

Sasa kinyaa kikamshika Fundi, na ngozi hazikuhusika. Aliikumbuka ile tepu. Ilikuwa imezungushwa taratibu, tabaka kwa tabaka, kazi ya mtu asiye na haraka. Laiti angeifunga ovyo.

Mzee alikuwa amesikia yote. Alikaa juu ya tairi kuukuu, kofia mkononi. "Yule kijana," akasema polepole. "Nilimtukania mama yake."

Fundi akamgeukia kaka yake.

"Vua shati."

"Nini?"

"Vua, au lichafuke, shauri yako. Waya umeukata wewe, utauunga wewe."

"Mimi ni mkubwa wako!"

"Ndiyo, kaka. Na heshima yako ipo. Ingia chini."

Akaingia. Alitapika mara mbili, mara ya pili hakuwahi kugeuza kichwa. Waling'oa nyaya zote, wakapitisha mpya ndani ya bomba la plastiki ili chumvi isizifikie. Rezista ikatupwa. Badala yake Fundi akafunga kisanduku kinachochukua umeme wake moja kwa moja kwenye betri ya pikapu, kwa fyuzi yake. Gari likawa linazungumza na kisanduku, na kisanduku kinaziwasha taa. Mzee akakanyaga breki, nyekundu ikawaka kali mchana kweupe. Fundi akamkanyagisha tena na tena mpaka mzee akalalamika mguu unauma.

"Haya, umeridhika?" Bosi akauliza, ameegemea ukuta.

"Umefanya hivyo kwenye matela mengine mangapi?"

Akatazama sakafu. "Mawili. Hapana, matatu."

Fundi alinawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, akachukua simu. Wa kwanza alikuwa mama anayesambaza matangi ya maji, na tayari alikuwa barabarani. "Dada, egesha pembeni taratibu, usimalize hata safari hiyo," alimwambia. "Tunakuja."

Mpaka jioni matela yote matatu yalikuwa yameungwa nyaya upya, na chini ya kila moja alilala Bosi.

Jumapili walikutana kwa shangazi, aliyeanza kupata nafuu. Bosi alimpakulia dada yake chakula, akamwekea na kipande kikubwa kuliko chake. Kucha zake zilikuwa safi, zimekatwa vizuri. Fundi akazitazama, akasema ameshiba, akaisogeza sahani kwa shangazi.